Asiyejua hana dhambi; je, hana deni?

Siku chache baada ya Idd el Hajj ya mwaka jana, alinijia mzee mmoja wa mtaani kwetu tulipomaliza sala ya Isha. Ni mtu wa safu ya mbele, mfanyabiashara wa vitambaa, ananizidi umri kwa miaka ishirini hivi. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Akaniambia: "Ustadh, nataka unisahihishie hii. Sitaki nikosee lafudhi."

Nikaifungua. Ilikuwa ni talaka.

Nilimwuliza kulikoni. Akaniambia kwamba mkewe, waliyeishi naye miaka kumi na tisa na kuzaa naye watoto wanne, amegundulika ana saratani ya mlango wa kizazi. Huko walikokwenda kutibiwa, mhudumu mmoja, huku akiandika fomu na bila hata kuinua macho, alimwambia kuwa ugonjwa huo unatokana na virusi vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Basi. Hakuongeza neno. Mzee alitoka pale akiwa ameshapiga hesabu zake zote. Yeye si mgonjwa, hajawahi kuumwa, hana kipele wala kidonda. Mwenye ugonjwa ni mke. Kwa hiyo mke ametoka nje ya ndoa.

"Nilimwoa bikira, Ustadh," alisema, na sauti ikamkatika. "Hivyo virusi kavitoa wapi?"

Nakiri mbele ya msomaji kwamba sikuwa na jibu. Nimehitimu chuo kikuu, nafundisha Maarifa ya Uislamu katika sekondari mwaka wa tisa huu, na milango ya talaka naifahamu kwa mpangilio wake. Lakini kuhusu virusi hivyo nilijua kama alivyojua yeye. Na kibaya zaidi, kwa dakika kadhaa niliiona hesabu yake kuwa ni sahihi. Nilimdhania vibaya mwanamke ambaye watoto wake nimewasomesha, ambaye kila Ramadhani futari yake hufika nyumbani kwangu. Namwomba Allah (s.w.) anisamehe kwa dakika zile.

Nilichofanya ni kumwomba mzee aniachie karatasi yake kwa siku tatu. Kusubiri siku tatu hakujawahi kuiharibu talaka.

Katika siku hizo tatu nilikwenda kwa daktari mmoja tuliyesoma naye, kisha nikakaa na maandishi aliyonipa. Virusi hivyo vinaitwa papiloma, na madaktari huviita kwa kifupi HPV. Si vya aina moja. Aina zake zinazidi 200, na nyingine hazifanyi zaidi ya kuota sundosundo mikononi mwa watoto. Aina ya 6 na ya 11 ndizo zinazoleta masundosundo ya sehemu za siri. Aina ya 16 na ya 18, hizo mbili tu, zinabeba takriban asilimia 70 ya saratani zote za mlango wa kizazi duniani. Aliyeitambua ya 16 mwaka 1983, na ya 18 mwaka uliofuata, ni kundi la Mjerumani Harald zur Hausen, wakati ambapo wenzake wengi walikuwa wakisaka chanzo kwingine. Mwaka 2008 alipewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kazi hiyo.

Hayo unaweza kuyasoma na kuyasahau. Lililonikalisha kitako ni habari ya wanaume. Mwaka 2023 ulichapishwa katika jarida la afya la Lancet mkusanyiko wa tafiti zilizofanywa katika nchi mbalimbali kuanzia 1995 hadi 2022. Ulionesha kuwa karibu mwanamume mmoja katika kila watatu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea ana angalau aina moja ya virusi hivi katika sehemu zake za siri, na mmoja katika watano ana zile aina zinazoweza kuleta saratani. Wengi wao hawana dalili yoyote. Mwili wa mtu mwenye afya kwa kawaida huviondoa wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili, na mwenyewe asijue kuwa vilikuja wala kuwa vimeondoka. Na kwa mwanamume hakuna hata kipimo cha kawaida kilichoidhinishwa, cha kusema ngoja niende nikapime nijijue. Mwanamke anacho kipimo, mwanamume hana.

Si kwamba wanaume wamesalimika. Virusi hivihivi huleta saratani ya uume, ya njia ya haja kubwa na ya koo. Huko Marekani saratani za koo zitokanazo na virusi hivi, ambazo wengi wa wagonjwa wake ni wanaume, sasa zimezidi kwa idadi saratani za mlango wa kizazi. Lakini huku kwetu mzigo mkubwa uko kwa mama zetu. Makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani ni kuwa Tanzania pekee hupata wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 wa saratani ya mlango wa kizazi kila mwaka, na zaidi ya 6,000 hufariki. Aliyewahi kukaa kwenye benchi za Taasisi ya Saratani Ocean Road anajua ni akina mama wangapi wanaosubiri mionzi pale, wakiwa na ndugu zao tu, bila waume.

Kisha kuna suala la muda. Tangu mtu aambukizwe mpaka saratani ijitokeze, kwa mwanamke ambaye kinga yake ni nzima, huchukua miaka 15 hadi 20. Nilipofika hapo nilifunga karatasi za daktari nikaanza kuhesabu. Miaka kumi na tisa ya ndoa.

Siku ya tatu mzee alikuja kama tulivyoagana. Nilimwuliza swali moja tu: kabla ya huyu, alikuwa na mke? Akashangaa kidogo, akasema ndiyo, aliwahi kuoa Tanga, wakaishi miaka mitatu, wakaachana kwa wema. Na huyo wa Tanga, alimwoa mwali? Hapana, alikuwa mjane. Mumewe wa kwanza alifariki.

Basi tazama, msomaji. Watu wanne, ndoa tatu, kila moja ina walii wake, mashahidi wake na mahari yake. Hakuna hata mmoja kati ya hao wanne ambaye unaweza kumnyooshea kidole cha zinaa, na virusi vikapita kutoka wa kwanza hadi wa nne vikiwa vimetulia. Wa kwanza kabisa aliyeviingiza katika mnyororo huo ni nani, katika kizazi gani, kwa halali au kwa haramu? Allah ndiye ajuaye, na hatukukalifishwa kumtafuta.

Nilimwambia mzee kwamba alichokuwa anakaribia kukifanya si talaka tu. Talaka ni haki yake hata kama inachukiza. Lakini talaka ile, kwa sababu ile, ingesambaa mtaani kabla ya wino kukauka, na maana yake ingekuwa ni tuhuma ya zinaa dhidi ya mwanamke aliyejihifadhi. Sote tunajua Sura ya Nuur imeweka nini kwa mwenye kutuhumu namna hiyo: alete mashahidi wanne, akishindwa ni viboko themanini na ushahidi wake usikubaliwe. Na tunajua hukumu hiyo inakaa karibu na kisa cha Ifk, pale mama yetu Aisha (r.a.) alipozushiwa na watu waliojiona kuwa na ushahidi wa kutosha: amechelewa msafara, amerudi na kijana. Hesabu yao nayo ilionekana imekamilika. Jibu la maabara si shahidi wa nne. Si shahidi hata wa kwanza, kwa sababu halisemi virusi vimetoka kwa nani wala lini.

Mzee alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo tangu siku hiyo sijalimaliza, na ndilo lililonifanya niandike makala hii: "Kwa hiyo, Ustadh, mimi ndiye niliyemuua?"

Ndugu zangu, hapa ndipo suala lilipo. Ni rahisi kumwambia mtu: hukujua, huna kosa, nenda zako. Na ni kweli kwamba hana dhambi. Dhambi katika Uislamu hufuata nia na elimu. Mtume (s.a.w.) alikataza mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke kunywa maji pamoja na ngamia wazima wa mwenzake; lakini katazo hilo linamhusu ajuaye kuwa ngamia wake ni wagonjwa. Huyu wetu hakujua, na hata angetaka kujua asingepata kipimo.

Lakini wanazuoni wa fiqhi hawakuishia kwenye dhambi. Wanatenganisha dhambi na dhamana. Mfano wao maarufu ni wa mtu aliyelala usingizi, akajigeuza, akaangukia chombo cha mwenziwe kikavunjika. Kalamu imeinuliwa kwa aliyelala, hana dhambi hata chembe. Hata hivyo chombo atakilipa. Na jambo zito kuliko chombo: aliyeua kwa bahati mbaya hakukusudia, haitwi muuaji, na bado Sura ya Nisaa imemwekea kafara na diya. Kwa nini? Kwa sababu aliyedhurika amedhurika kwelikweli. Kutokukusudia kwangu hakumrudishii alichopoteza.

Nilipolieleza hili kwa mwalimu mwenzangu, alinipinga, na upinzani wake una uzito. Alisema kwenye chombo tunajua nani kakivunja. Hapa nani anajua? Kama mke aliwahi kuolewa kabla, je? Kama ni virusi vya aina ambayo mwanamume alishaviondoa mwilini miaka kumi iliyopita? Dhamana haisimami bila ya kuthibitika kwamba fulani ndiye aliyesababisha, na hapa hakithibitiki chochote. Nakubaliana naye. Sidai kwamba mume alipe diya, wala sitaki kesho wanawake waanze kuwashitaki waume zao kwa Kadhi, maana tutakuwa tumegeuza upande wa tuhuma tu, tuhuma ikabaki ileile.

Ninachokisema ni kidogo kuliko hapo, na huenda ni kigumu zaidi kukitimiza. Mtu ambaye huenda dhara limepitia kwake, japo bila kujua, hana ruhusa ya kusimama mbali na dhara hilo kama mpita njia. Mzee huyu hawezi kusema "ugonjwa wake". Nauli za kwenda kwenye mionzi ni zake. Usiku wa kutapika ni wake. Maneno ya mashoga na mawifi ni yake kuyazima, kwa sababu yeye ndiye pekee anayeweza kuyazima kwa sentensi moja. Hilo ndilo ninaloliita deni.

Kuna msomaji ambaye kufikia hapa ameshaguswa mahali pengine. Ni yule ambaye mnyororo wake si wa ndoa tatu za halali. Ujanani aliteleza, kisha Allah akamwongoza, akatubia, akaoa, na leo ni baba wa watu. Je, anatakiwa amwambie mkewe? Sheria yetu inamtaka mja ajisitiri pale Allah alipomsitiri. Hatuna kitubio cha kuungama kwa mtu. Toba ya kweli hufuta dhambi. Tatizo ni kwamba virusi havina habari na toba. Dhambi imefutwa mbinguni, na athari yake inaweza kuwa bado imelala kwenye mwili wa mtu ambaye hakushiriki.

Nimeligeuza sana suala hili. Ninavyoona mimi, na mwenye elimu zaidi anisahihishe, sitara ya mume na haki ya mke zinaweza kukaa pamoja. Hana haja ya kusimulia ya zamani. Kila mwanamke aliyeolewa, mume wake awe walii au awe vinginevyo, anashauriwa afanyiwe uchunguzi wa mlango wa kizazi. Kipimo cha kupaka siki, ambacho hutumika katika vituo vyetu, ni cha dakika chache, na mabadiliko yakionekana mapema hutibiwa kabla hayajawa saratani. Basi mume ampeleke. Ampe nauli, asimkatalie ruhusa, asiseme "wewe unaumwa nini mpaka ukachunguzwe huko?" Mwanamume anayesitiri yaliyopita huku akimzuia mkewe kwenda kuchunguzwa, huyo hajisitiri tena. Huyo sasa anajua, na mfano wa aliyelala haumhusu.

Katika kuzungumza na watu msikitini nimekutana na kinga mbili za maneno. Ya kwanza ni tohara. "Sisi tumetahiriwa, Ustadh, hayo ni ya wengine." Ni kweli tohara inasaidia, na Muislamu ana haki ya kufurahi. Tafiti za Rakai nchini Uganda zilionesha kuwa waliotahiriwa walibeba virusi hivi kwa kiasi kidogo zaidi, karibu theluthi pungufu, na wake zao nao maambukizi mapya yalipungua kwa karibu robo. Alhamdulillah. Lakini robo pungufu si salama. Mwanamke aliyebaki katika ile sehemu nyingine naye ana mume aliyetahiriwa.

Kinga ya pili ni ya wale wanaosema chanjo ni ruhusa ya zinaa. Hawa nawaelewa, maana ni wazazi wenye ghera. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya virusi hivi nchi nzima mwaka 2018, kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Mwaka 2024 ikawa dozi moja, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Nakumbuka wauguzi walipokuja shuleni kwetu baadhi ya wazazi waliwaficha mabinti nyumbani. Mmoja aliniambia: "Binti yangu nimemlea, hahitaji sindano ya malaya." Samahani kwa neno hilo, ndivyo alivyosema. Leo ningemjibu hivi: mke wa mzee wa vitambaa naye alilelewa. Alijihifadhi, akaolewa akiwa mwali, akamtii mumewe. Stara yake ilimkinga na matendo yake mwenyewe, haikuweza kumkinga na historia ya mwili wa mtu mwingine. Mabinti tunaowalea vizuri ndio watakaoolewa kwa imani, bila kuuliza. Na huko walikotangulia kuchanja, watafiti walifuatilia kama mabinti wamekuwa wepesi wa zinaa kwa sababu ya sindano. Hawakuona hivyo.

Siku ileile ya wauguzi, kijana mmoja wa kidato cha pili aliinua mkono katika kipindi changu: "Ustadh, kama virusi vinatoka kwetu, mbona wanachomwa wao?" Darasa likacheka. Mimi nilimwambia akae chini tuendelee na somo la faradhi na sunna. Namwomba radhi kijana yule, popote alipo.

Jibu la kitaalamu lipo na si la uonevu. Saratani kubwa iko kwa wanawake, na ukichanja wasichana wengi wavulana nao hupata nafuu. Australia, iliyoanza na wasichana mwaka 2007, iliona masundosundo yakipungua hata kwa vijana wa kiume ambao walikuwa hawajaguswa na sindano. Pia kulikuwa na uhaba. Mwaka 2019 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walishauri nchi ziahirishe kuchanja wavulana ili dozi chache zilizopo ziwafikie wasichana kwanza. Hilo ni haki. Ukiniletea dozi moja na watoto wawili, wa kike na wa kiume, nitampa wa kike.

Lakini nchi zenye uwezo hazikuishia hapo. Australia iliwaingiza wavulana mwaka 2013, Uingereza mwaka 2019, na hapa Afrika, Cameroon ilianza kuwachanja mwaka 2023. Kwetu bado ni wasichana tu. Na mimi kinachonisumbua zaidi ya sera ni mawazo yetu sisi wanaume, kwamba tumelifanya jambo hili kuwa fardhi kifaya: wakilitekeleza mabinti, sisi limetuondokea. Binti achomwe, mke akachunguzwe, bibi apewe mionzi, na sisi tutoe maoni. Fardhi kifaya haikuwekwa ili kundi moja libebe kila siku na jingine likae kivulini kila siku.

Karatasi ya mzee bado ninayo, iko kwenye droo pamoja na mitihani ya zamani. Hajaniomba nimrudishie. Mkewe alimaliza mionzi mwezi wa pili. Anatembea, amekonda sana, na daktari hajasema neno la mwisho. Ijumaa iliyopita mzee alinisubiri tena kwenye viatu. Ana mtoto wa mwisho, wa kiume, ana miaka kumi na miwili. Aliuliza kama naye anaweza kuchomwa ile sindano ya wasichana. Nikamwambia mpango wa serikali hauwafikii wavulana, itabidi akaulize hospitali za binafsi, na huko ni kwa fedha yake.

"Niulizie bei," akasema, akavaa viatu vyake.